Saa Tatu ya Igawa

Ukonga, Dar es Salaam
Jumapili, baada ya ibada ya pili

Mama yangu,

Shikamoo. Kamwene, na kamwene tena kwa sababu ya baridi, maana najua mwezi huu hapo Mlandege kila mtu analigombea jiko la mkaa. Goti la kulia linasemaje? Ile dawa ya kuchua niliyokuachia uipake jioni, siyo asubuhi halafu ukatoka nayo kwenye umande. Na yule kuku mwekundu aliyekuwa analalia, ametotoa wangapi? Mimi ni mzima kabisa. Nakula, nalala, na tangu Ijumaa nacheka peke yangu hata nikiwa napiga mswaki.

Naomba ukae chini, uvae miwani, uisome barua hii polepole. Ikikupendeza, isome tena mbele ya wanawake wa jumuiya. Najua maneno yaliyofika huko: kwamba mtoto wako amefukuzwa kazi kwa kurusha ndege za watu kwa siri. Ulipoyasikia kwa mke wa mzee wa kanisa ulinipigia, nami nikakujibu, "Mama, tutaongea," ukanikatia simu. Ulikuwa na haki ya kukata. Lakini shauri lilikuwa bado mezani na nilikuwa nimekatazwa kulizungumza na mtu asiyehusika. Sasa limekwisha. Shajara yangu iko hapa mezani, na ninanakili siku kwa siku ili nisije nikaongeza chumvi.

Kwanza, siri haikuwepo. Kampuni yetu inamruhusu rubani kuruka kwingine siku zake za ofu, kwa masharti mawili. La kwanza, uombe kibali kwa maandishi, na saa ulizoruka huko zijumlishwe na za kazini, kwa sababu mwili ni mmoja. La pili, ukishatua huko nje, zipite saa ishirini na nne kamili kabla hujaripoti kazini. Wenzangu wengi wanafanya. Yuko anayefundisha wanafunzi kuruka, yuko anayebeba wagonjwa wa hospitali ya misheni. Mimi, kama unavyojua, huitwa Mbarali mpunga unapoanza kukomaa, kwa sababu kabla ya kuajiriwa hapa nilirusha kwa miaka miwili ndege ya kunyunyizia dawa kwelea, vile vindege vinavyomaliza mpunga, na wanaoweza kuruka chini vile bila kugusa matete si wengi.

Kazi hiyo huipendi, najua. Sijasahau ulivyonisimamisha jikoni na mwiko mkononi: "Mimi nilikusomesha usiende kuamia ndege, kuwafukuza shambani siku nzima, kama nilivyoamia mimi. Sasa unapanda ndege kwenda kuamia ndege!" Shangazi alicheka mpaka akakaa chini. Nami nilicheka, lakini niliendelea kwenda.

Jambo ambalo sikukuambia ni hili. Safari hii nilienda Igawa, huko huko Mbarali, nikiwa nimebakiza mtihani mmoja tu wa angani ili niwe kapteni. Masomo nilikuwa nimemaliza, karatasi zote zimepita, imebaki safari moja nikiwa na Mkuu wa Marubani pembeni. Miaka sita nimekaa kiti cha msaidizi nikiingoja safari hiyo. Sikukuambia kwa sababu nilitaka nikuletee likiwa limeiva.

Sasa shajara.

Ijumaa. "Nimetua Songwe asubuhi, mawingu yamekaa mlimani. Uyole malori yamefunga njia, nimekula mahindi mawili ya kuchoma na bado hatujasogea. Igawa saa tisa alasiri."

Pale Igawa kuna kiwanja cha vumbi cha shamba la mpunga, hakina mnara wala ofisi, kina kibanda kimoja cha mabati. Anayekitunza ni mwanamke wa Kinyakyusa anaitwa Atuganile, amenizidi umri kidogo, na sauti yake ingeweza kumwita mtu ng'ambo ya mto. Kazi yake ni kufukuza ng'ombe njia ya kurukia, kulinda mapipa ya dawa, na kuandika kwenye rejista kila ndege inapopaa na inapotua. Aliponiona nashuka garini alipiga kelele:

"Karibu Kapteni wa mistari mitatu begani! Huo wa nne umeliwa na kwelea?"

"Uko njiani, dada."

"Njiani wapi? Umekwama Uyole na malori?"

Jumamosi jioni tukafanya kazi. Mama, kwelea kwelea hawaji kama ndege tunaowajua. Huja kama moshi wenye akili, unakunja huku, unakunja kule, halafu wote wanazama mateteni kwa pamoja na matete yanainama kwa uzito wao. Ni lazima uwasubiri watue kulala, jua likiwa limebakiza kidole kimoja, ndipo upite juu yao na dawa. Nilipita mara sita. Niliposhuka, mkulima mmoja mzee, mwenye shamba pembeni ya matete yale, alinishika mkono kwa mikono yake miwili, kisha akaondoka. Nimeyaandika hayo kwenye shajara, na nikayapigia mstari.

Jumapili asubuhi niliruka mara moja tu kukagua kama kuna kundi lililohamia kwingine. Nilipaa saa tatu na dakika ishirini, nikatua saa nne na dakika tano. Hakukuwa na kundi. Atuganile akaandika kwenye rejista yake, kisha akanakili kwenye ile fomu ya kampuni yetu ambayo lazima niirudishe: kuruka 3:20, kutua 4:05. Nikasaini juu ya boneti ya lori la mpunga, dereva akipiga honi. Ni lori hilo lililonileta kwako saa tisa, ukasema nanuka dawa na hukuniruhusu kugusa sufuria mpaka nioge. Nililala kwako, na Jumatatu asubuhi nikapanda ndege pale Nduli kuja Dar. Saa sita mchana nikaripoti kazini. Hesabu mwenyewe: kutoka saa nne na dakika tano ya Jumapili mpaka saa sita ya Jumatatu ni saa ishirini na sita kasoro dakika tano. Sharti nimelitimiza na chenji imebaki.

Jumanne nikaitwa ofisini.

Mkuu wa Marubani ni mtu mnyoofu, mvi tupu, hacheki akiwa kazini. Mezani kwake kulikuwa na fomu ile, na kitabu changu cha saa za kuruka. Pembeni alikaa ofisa ratiba, ndiye aliyeingiza fomu kwenye kompyuta.

"Faraja, Jumapili ulitua saa ngapi?"

"Saa nne na dakika tano asubuhi, Mkuu."

"Fomu inasema saa kumi na dakika tano jioni."

Nikaiangalia. Fomu ilisema 4:05. Ofisa ratiba alikuwa ameisoma kama inavyosomeka kwenye saa ya mkononi. Kwa kuwa Igawa hakuna taa na hakuna anayeruka alfajiri gizani, akaona haiwezi kuwa usiku, basi ni mchana: 3:20 ikawa saa tisa na dakika ishirini, na 4:05 ikawa saa kumi na dakika tano. Kwa hesabu hiyo nilikuwa nimepumzika saa ishirini kasoro dakika tano. Nimevunja sharti.

Na kibaya zaidi, Mama, ni kitabu changu mwenyewe. Sisi marubani, popote duniani, tunaandika saa moja ya wote, tunaiita Zulu, ambayo iko nyuma ya saa ya ukutani ya Tanzania kwa saa tatu. Saa ya ukutani ilikuwa 9:20, kwa hiyo niliandika 6:20. Basi fomu ina 3:20, kitabu kina 6:20, na kompyuta ina 15:20. Ndege moja, asubuhi moja, namba tatu. Mimi ninayeandika mpaka idadi ya mahindi niliyokula nikaonekana nimeghushi kitabu.

"Hii ni saa ya Kiswahili, Mkuu," nikasema. "Mtunza kiwanja ameandika kama anavyosema."

"Unasema wewe. Na sahihi iliyo chini ni ya nani?"

"Yangu."

"Ulipoona 3:20, hukuona haja ya kuandika asubuhi?"

Ukweli ni kwamba sikuona. Kwangu ilikuwa saa tatu, na saa tatu watu wanakunywa chai.

Nikasimamishwa kazi siku hiyo hiyo, na jina langu likatolewa kwenye orodha ya mtihani wa ukapteni mpaka kamati ikae. Kama ningeonekana na hatia ya kughushi, jina lisingerudi tena, wala hakuna kampuni nyingine ambayo ingenichukua. Niliwaambia kwamba saa tisa nilikuwa Mlandege naoga. Wakauliza nani shahidi. Nikasema mama yangu mzazi. Ofisa usalama wa kampuni, mama mtu mzima aliyekuwa ameitwa kunihoji, akanitazama kwa huruma: "Mwanangu, hapa hata mimi nisingemleta mama yangu." Nikaomba nimpigie Atuganile wamsikie. Mkuu akakataa. Sauti ya simu, akasema, inaweza kuwa imefundishwa cha kusema.

Siku tisa zilizofuata nisingependa kuzirudia. Shajara ina mistari miwili miwili tu. Ndipo uliponipigia, na ndiyo sababu sikuweza kukujibu. Wenzangu walinikwepa kidogo, siyo kwa ubaya. Waliogopa vibali vyao vingefutwa pamoja na mimi.

Siku ya tisa nilimpigia Atuganile kumweleza tu, sikumwomba kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake. Halafu akauliza:

"Kwa hiyo wanasema nimeandika uongo?"

"Hawajasema wewe. Wanasema mimi."

"Rejista ni ya nani?"

"Ya kwako."

"Basi ni mimi. Kamati inakaa lini?"

Jumatano ya wiki iliyofuata, siku ya kikao, alikuwa tayari Dar. Alipanda basi Igawa asubuhi ya Jumanne, akashuka stendi ya Mbezi jioni na rejista imefungwa ndani ya mifuko miwili ya nailoni, na mchele debe zima kichwani, kwa kuwa, alisema, hawezi kuja mjini mikono mitupu kama polisi. Alipoingia kwangu alisimama mlangoni akajipepea kwa kanga: "Hivi hapa mnaishi au mnapikwa?"

Kikao kilikuwa na watu watano. Atuganile akakaa mbele, kitenge chake kipya, rejista mapajani. Mkuu akaanza kwa upole.

"Dada, hapa umeandika kuruka 3:20. Hiyo ni saa ngapi?"

"Saa tatu na dakika ishirini."

"Ya asubuhi au ya mchana?"

"Ya mchana?" Atuganile akamtazama kama aliyetukanwa. "Baba, saa tatu ya mchana iko wapi? Mimi nazijua mbili, ya asubuhi na ya usiku. Ya mchana sijaiona tangu nizaliwe."

Ofisa ratiba akaingilia: "Lakini mama, juu ya safu hiyo fomu imeandikwa: saa za mahali ulipo."

"Na mimi nilikuwepo mahali nilipo. Igawa. Saa za Igawa ndizo hizo. Ulitaka niandike saa za mahali ulipo wewe?"

Ofisa usalama akainamisha kichwa. Nilimwona mabega yanatikisika. Mkuu hakutikisika. Akasema kwamba fomu za usafiri wa anga zina utaratibu wake, kwamba anayeandika saa lazima afuate saa kama inavyosomeka, siyo kama inavyosemwa mtaani.

Atuganile, kwa heshima zote, mikono yote miwili magotini, akasema:

"Nimeelewa, baba. Samahani, naomba kuuliza tu, maana nina safari ndefu ya kurudi. Sasa hivi ni saa ngapi?"

Mkuu akainua mkono, akapandisha mkono wa shati, akatazama saa.

"Saa tano kasorobo."

"Ahsante. Naomba na mimi niione hiyo saa."

Mkuu akanyoosha mkono juu ya meza, bado hajaelewa. Atuganile akainama akasoma kwa sauti ile ile ya kufukuzia ng'ombe:

"Kumi, na arobaini na tano." Akainua macho. "Saa inasema kumi. Wewe umesema tano. Sasa baba, nani kati yenu aliyeghushi?"

Mkuu aliitazama saa yake, akamtazama Atuganile, akaitazama tena saa. Ofisa usalama ndiye aliyepasuka kwanza, akacheka mpaka akavua miwani kufuta machozi, na nyuma yake chumba kizima. Hata ofisa ratiba. Na mwisho, polepole, kama geti lenye kutu, Mkuu mwenyewe.

Lakini Atuganile alikuwa hajamaliza. Alifungua rejista akaisukuma mezani. "Someni na nyingine. Mlinzi kuingia 12:00, mlinzi kutoka 12:00. Kwa saa zenu analinda mchana mpaka usiku wa manane, halafu alfajiri kiwanja ni cha fisi. Na Jumamosi, kunyunyizia dawa, kuruka 11:50, kutua 12:30. Kwa saa zenu Faraja amepuliza dawa saa sita mchana, kwelea wote wako mashambani wanakula. Mateteni angempulizia nani? Vyura?"

Nikapewa ruhusa ya kusimama ubaoni. Nikachora safu tatu: saa ya Igawa, saa ya ukutani, saa ya Zulu. Nikaandika tatu na ishirini, tisa na ishirini, sita na ishirini. Sikusema maneno mengi. Nilionyesha tu kwamba tofauti ya saa sita na ya saa tatu inakubaliana katika kila safari ya rejista ile na kila mstari wa kitabu changu kwa misimu yote miwili niliyokwenda kwa kibali. Walichagua kurasa wenyewe, wakapima nne, zote zikakaa.

Mkuu akasimama. Akasema kwamba sina hatia ya kughushi wala ya kuvunja sharti, na kwamba jina langu linarudi kwenye orodha siku hiyo hiyo. Kisha akanigeukia: "Kosa unalo, moja. Ulitia sahihi bila kusoma kwa macho ya atakayesoma baada yako. Kapteni husoma kwa macho ya wote." Nikakubali, Mama, kwa sababu ni kweli. Vibali vya wenzangu vimebaki, na fomu inabadilishwa: kila saa itaandikwa na neno lake, asubuhi, mchana au jioni, na Zulu pembeni.

Akaniuliza kama niko tayari kwa mtihani Ijumaa. Nikasema niko tayari hata leo. Akasema, "Ijumaa. Safari ya Songwe. Na huyu dada atarudi kwao kwa basi?"

Hapo ndipo nilipojua jambo ambalo sikuwahi kuuliza. Atuganile amekuwa akiandika ndege miaka saba, na hajawahi kukanyaga ndani ya hata moja.

Ijumaa akapanda, kiti cha dirishani, kwa tiketi ya kampuni. Sikumwona njia nzima kwa kuwa mlango wa chumba chetu cha marubani umefungwa, na nilikuwa na mtu wa mvi pembeni yangu akiandika kila nilichokigusa. Nitakuambia tu kwamba kulikuwa na upepo wa ubavuni pale Songwe, ule unaoshuka kutoka Mbeya mlimani na kukusukuma kama ng'ombe mkaidi, na niliiweka ndege chini mpaka Mkuu akaacha kuandika. Tuliposimama akafunga kalamu yake, akasema, "Hivyo ndivyo inavyotua."

Nilishuka nikamkuta Atuganile chini ya ngazi amekataa kuondoka, abiria wanampita kushoto na kulia, mhudumu wa uwanja anamwomba asogee.

"Sisogei. Namsubiri aliyenileta." Halafu akaniona. "Wewe! Kumbe huko juu kuna baridi kuliko Uyole! Na mawingu hayana kitu ndani, mimi siku zote nilidhani yana kitu."

Mkuu akashuka nyuma yangu. Akatoa mfukoni zile alama za begani, akanifungulia za zamani mwenyewe, pale pale uwanjani, mbele ya wabeba mizigo. Mistari minne kulia, minne kushoto. Atuganile alipiga vigelegele mpaka mtu wa mnarani akatoa kichwa dirishani.

Hiyo ndiyo habari, Mama, yote. Hakuna aliyefukuzwa.

Nisalimie baba mdogo anayelima nyanya Ilula, mwambie nimeipata ile meseji yake ya pole na sasa ageuze iwe pongezi. Shangazi wa jikoni, yule mwenye kicheko. Binti yake anayeimba sauti ya pili kwaya ya vijana, asome hesabu kwa bidii, maana kiti nilichokiacha kiko wazi. Bibi wa Kalenga, umshike mkono kwa niaba yangu na umwelezee taratibu. Mke wa mzee wa kanisa umsalimie sana, ila umsalimie mbele za watu, na kwa sauti. Mchungaji mwambie nimemtengea shukrani ya mavuno, debe la mchele wa Igawa, nitalituma kwa basi.

Na wewe, Mama, usilime Jumanne ya wiki ijayo. Nimepangiwa Nduli. Tutatua saa nne asubuhi, tutakaa nusu saa tu, na kapteni haruhusiwi kuacha ndege akaenda kunywa chai nyumbani. Panda bajaji uje mpaka kwenye uzio, upande wa jengo la abiria, uvae ile kanga ya kijani nikuone mapema. Ndege ikigeuka kusimama, usitazame mlango wanaposhukia watu. Tazama mbele, dirisha la kushoto. Kiti cha kushoto ni cha kapteni. Atakayekuwa anakupungia mkono ni mimi.

Wako akupendaye, anayekutii isipokuwa katika mambo ya kuamia ndege,

Kapteni Faraja